Jino la Mbele

Fundi cherehani alifika idara ya dharura akiwa bado na tepu ya kupimia shingoni na pini tatu zimechomekwa kifuani. Mwalimu aliyempigia simu alikuwa ameongea mengi, lakini yaliyomwingia ni mawili tu, "damu" na "haraka". Alikuwa ameacha sketi ya mteja chini ya sindano ya mashine, akamwomba muuza vitasa wa jirani amtazamie mlango, akatoka mbio na gauni lake la bluu lililojaa nyuzi za kila rangi.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Kulikuwa na akina mama wenye watoto wa homa, mzee aliyefungwa mguu kwa taulo, na mjenzi aliyeshika mkono wake mmoja kwa mwingine kama amebeba yai. Kwenye benchi la mwisho, pembeni ya mwalimu wake, alikaa Chiriku.

Chiriku alikuwa binti wa kaka wa fundi, mwenye miaka kumi. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, kwa hiyo aliyemlea ni shangazi. Jina hilo alipewa kwa sababu aliongea tangu anafumbua macho mpaka anapitiwa na usingizi. Sasa alikuwa kimya. Alijiziba mdomo kwa kiganja, na damu ilikuwa imeshuka kwenye shati jeupe la shule mpaka kiunoni.

"Alikuwa anakunywa maji bombani," mwalimu alisema, akimpa karatasi laini iliyokunjwa. "Mwenzake akamsukuma kwa nyuma, utani tu wa watoto. Mdomo ukagonga koki. Jino la mbele limetoka zima. Nimeliokota, hili hapa."

Fundi akaifungua ile karatasi laini. Hakuwahi kujua kwamba jino la mtu lina urefu wote ule. Sehemu iliyoonekana mdomoni ilikuwa fupi kuliko ile iliyojificha, na huko chini kulikuwa na mchanga. Akashika pindo la gauni ili alifute.

"Usilisugue, tafadhali."

Aliyesema alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye koti jeupe lililokosa kifungo cha pili na faili kwapani. Alionekana kama mtu aliyekuwa anapita tu kwenda kwenye shughuli zake.

"Lishike kwa huku juu, panapong'aa," aliendelea. "Kwenye mzizi usiguse kabisa. Mimi ni daktari wa meno, kliniki yangu iko ghorofani. Limetoka saa ngapi?"

"Saa nne na robo," mwalimu alijibu. "Kengele ya mapumziko ndiyo kwanza ilikuwa imelia."

Daktari aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi.

"Jino likikaa nje zaidi ya saa moja, uwezekano wa kushika tena unakuwa mdogo sana," alisema kwa sauti ya chini, ili mtoto asisikie. "Chumba cha kushonea majeraha kina mgonjwa, nitaomba wanipishe. Wewe unaweza kukimbia?"

"Naweza."

"Kantini iko nyuma ya jengo hili. Niletee maziwa ya baridi, yasiyotiwa sukari."

"Daktari, huyu mtoto hawezi kunywa kitu sasa hivi."

"Si ya mtoto, ni ya jino. Likikauka limekufa."

Fundi alikimbia. Kantini kulikuwa na foleni naye akaikata yote, akarudi na kikombe kilichomwagika nusu njiani, na jino likazamishwa humo kabla hajapata pumzi. Dakika tano baadaye walikuwa ndani ya chumba chenye kitanda kimoja na taa kali. Muuguzi alimshika Chiriku kichwa, fundi akamshika mikono. Sindano ya ganzi ilipoingia, mtoto alimkaza shangazi yake vidole mpaka kucha zikaacha alama.

"Hili lilikuwa limeota baada ya la kitoto kung'oka?" Daktari aliuliza.

"Ndiyo. La kitoto aliling'oa mwenyewe kwa uzi."

"La kitoto lingetoka hivi nisingelirudisha, ningeharibu linalokuja. Hili ndilo la maisha, hakuna jingine nyuma yake. Chiriku, utasikia nasukuma. Usiogope, ni kusukuma tu."

Akasukuma taratibu kwa kidole gumba. Fundi alilisikia lilivyoingia, polepole, halafu likatulia, kama kifungo kinachopita kwenye tundu lililobana. Daktari akalifunga kwa waya mwembamba kwenye meno ya pembeni, akaandika dawa, akaagiza sindano ya pepopunda, na vyakula laini kwa wiki mbili. Ndipo fundi alipomwachia mtoto mikono. Akakaa sakafuni, kwa sababu kiti hakikuwepo.

Daktari akachuchumaa mbele yake. "Sasa ndio unazimia? Kazi imeisha."

"Sizimii. Natazama koti lako. Umekosa kifungo."

"Tangu mwezi uliopita. Sina wa kunishonea."

"Mafundi wamejaa mjini."

"Nimekutana na mmoja leo tu, naye amenikalia sakafuni."

Fundi akacheka bila kupenda, machozi yakamtoka hapohapo. Daktari akaandika namba yake ya simu nyuma ya karatasi ya dawa. "Akivimba, akipata homa, jino likicheza, unipigie. Saa yoyote."

*

Alimpigia siku ya pili kuuliza kama uvimbe wa mdomo ni wa kawaida, na siku ya tatu kuuliza kama mtoto anaweza kula ndizi. Siku ya nne simu ilipigwa na daktari.

"Leo hamna swali?" aliuliza.

"Leo kapona maswali."

"Basi nina langu. Koti langu nilete saa ngapi?"

Alilileta jioni hiyohiyo, akakaa juu ya marobota ya vitambaa akimtazama akishona. Kifungo kimoja kilichukua nusu saa. Kesho yake akaleta suruali ya kupunguzwa, ambayo fundi alipoipima aliona wazi kwamba haikuhitaji kupunguzwa. Hata hivyo aliikunja, akaiweka kando, akamwambia arudi Alhamisi kujaribisha. Kwenye simu yake alimwandika kwa jina la Daktari Kifungo, na kila jina hilo lilipotokea kwenye kioo, Chiriku, waya wake mdomoni, alisema, "Shangazi, upigiwe simu na wewe ndio uone haya."

Wiki mbili zilipita hivyo. Waya ukatolewa, jino likawa limeshika. Chiriku alijitazama kwenye kioo cha mkono mpaka muuguzi akamnyang'anya. Daktari akamvuta fundi pembeni.

"Bado kazi moja," alisema. "Jino lilipotoka, mshipa wake ulikatika. Kwa nje ni zima, ndani limekufa. Wiki ijayo lazima nisafishe mzizi."

"Wiki ijayo tutakuja," fundi alisema, na alimaanisha.

Lakini wiki hiyo likizo ilikuwa inaisha na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Kulikuwa na sketi arobaini na tatu za shule moja, zote za marinda, na mashine moja ikawa imeanza kuruka mishono. Asubuhi ya miadi, fundi alipiga simu huku kichwa amekiinamisha begani na mikono ikiendelea kusukuma kitambaa.

"Daktari."

"Ukiniita Daktari kwa sauti hiyo, kuna ombi."

"Nisogezee mpaka wiki ijayo. Nimezama kwenye marinda."

"Fundi, lile jino halitaki kusubiri."

"Haumwi kabisa. Anakula, anaongea mpaka natamani umfunge waya tena. Wiki moja tu, mpenzi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Umeniitaje?"

"Umesikia."

"Haya," daktari alisema, na alisikika anatabasamu. "Wiki ijayo. Lakini ni ahadi."

Wiki iliyofuata mashine iligoma kabisa, na fundi akapiga simu tena, akatumia neno lilelile. Daktari alipumua kwa nguvu. "Wewe unanitawala," alisema. "Jumatatu basi, bila kukosa."

*

Jumatatu haikufika. Jumamosi asubuhi Chiriku aliamka mdomo wa juu umetuna. Saa mbili shavu lilikuwa limejaa, ngozi inang'aa kwa kuvutika, na jicho la kushoto limebaki mstari mwembamba. Alikuwa wa moto kama pasi. Hakuongea. Baba yake, aliyerudi safari siku iliyotangulia, alimfunika shuka, akambeba mpaka barabarani, na fundi akafuata nyuma akipiga namba ya Daktari Kifungo. Iliita mpaka ikakatika.

Daktari wa zamu siku hiyo alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Alimbonyeza mtoto chini ya jicho kwa ncha ya kidole, na uso wake haukumpendeza fundi.

"Hili jino lilirudishwa lini?"

"Wiki ya tano sasa," fundi alisema.

"Na mzizi ulisafishwa lini?"

Fundi akamrekebishia Chiriku shuka. Kaka yake akamgeukia, akamtazama, akarudisha macho kwa mwanawe.

"Wekeni dripu, dawa ianze sasa hivi," mama yule aliwaambia wauguzi. "Muiteni daktari wa meno. Usaha ukipanda kwenye jicho tutakuwa na kesi nyingine kabisa. Dada, nenda dirishani kachukue kadi ya wodi, huyu hatoki leo."

Fundi alikwenda. Dirishani alisahau jina kamili la mtoto, ikabidi asome kwenye karatasi. Aliporudi, pazia lilikuwa limevutwa, na nyuma yake akaisikia sauti aliyoizoea kuliko zote.

"Kwa nini mzizi haukusafishwa?" yule mama aliuliza.

"Mlezi hakumleta," Daktari alijibu. "Aliahirisha miadi mara mbili."

Fundi aliibana ile kadi mkononi. Neno "mlezi" ndilo lililomkata. Hakuna hata moja katika hayo aliyoyasema lililokuwa uongo, na ndiyo maana hakuwa na pa kushika. Mtu aliyekaa juu ya marobota yake jioni baada ya jioni sasa alimtaja kama jina kwenye daftari, tena mbele ya kaka yake. Aligeuka, akatoka mpaka uwanja wa magari ya wagonjwa, akasimama juani.

Kaka yake alimkuta huko baada ya robo saa.

"Wanamng'oa," alisema. "Wanasema jino ndilo lililobeba uchafu, likikaa hawezi kupona. Ni kweli uliahirisha?"

"Ni kweli."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na kazi, kaka. Zile sare."

Angefoka ingekuwa nafuu. Alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kilichoandikwa humo.

"Nina mtoto mmoja," alisema. "Nilikuachia huyohuyo."

*

Siku mbili za kwanza wodini hakuna aliyemwambia neno la uhakika. Kila baada ya saa chache muuguzi alikuja na kalamu, akachora mpaka wa wekundu kwenye shavu la Chiriku ili waone kama unapanda au unashuka. Siku ya kwanza ulipanda. Fundi alikaa pembeni ya kitanda macho yakiwa kwenye ule mstari, kama aliyeambiwa akipepesa utaruka. Alijipangia mambo ya kutisha kichwani: mtoto mwenye jicho moja, kaka akiondoka na mwanawe bila kuaga. Mrija wa dripu ulipoacha kudondosha kidogo, aliita muuguzi. Ulipodondosha kasi, aliita tena.

Aliyekuja kukagua kidonda alikuwa daktari mwingine wa meno, mzee mwenye mikono minene, mpole. Daktari Kifungo hakutokea. Fundi akajijibu mwenyewe: amenawa mikono. Amesema yake mbele ya wakubwa, amejivua lawama, ametuachia.

Simu iliita mara kumi na moja kwa siku mbili. Aliigeuza kifudifudi kila mara. Kulikuwa na ujumbe mmoja, "Naomba dakika tano," na huo nao akaufuta.

Siku ya tatu mchana daktari alisimama mlangoni mwa wodi. Ndevu zilikuwa zimemwota, koti limekunjamana. Hakuingia mpaka ndani.

"Fundi."

"Mlezi," alimsahihisha bila kugeuka. "Yule asiyeleta mtoto."

"Naomba unisikilize."

"Nilikusikia. Nilikuwa nyuma ya pazia."

"Ulisikia mpaka wapi?"

Kabla hajajibu, muuguzi alimwita daktari kutoka kwenye korido, anatakiwa ofisi ya daktari mkuu, wanamsubiri. Alisita, akatazama shavu la Chiriku ambalo lilikuwa limelala chini ya mstari kwa upana wa kidole, akafumba macho kidogo kama mtu aliyetua mzigo.

"Limeshuka," alisema. Akaondoka.

Siku ya tano Chiriku aliruhusiwa. Jicho lilikuwa limefunguka, zima, na pale mbele kulikuwa na pengo. Aliongea kwa kuuma maneno, mkono ukiwa tayari kuziba mdomo. Walipewa barua ya kumpelekea yule daktari mzee, ambaye baada ya miezi michache angemtengenezea jino la bandia la kuvaa na kuvua. Bahasha haikufungwa. Wakiwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, Chiriku kaegemea bega la baba yake, fundi akaitoa karatasi ajue wamepangiwa lini.

Ilikuwa muhtasari wa kila kitu tangu siku ya bomba. Chini, kwa mwandiko alioujua kutoka nyuma ya ile karatasi ya dawa, palikuwa na mistari michache ya tarehe ya Jumamosi ileile:

"Mlezi aliomba kwa simu kuahirisha miadi, mara mbili. Mara zote mbili nilikubali mimi, bila kumweleza hatari yake wala kuandika popote. Nina uhusiano binafsi na mlezi na uliingilia uamuzi wangu. Kosa ni langu. Naomba mgonjwa ahamishiwe kwa daktari mwingine."

Alisoma mara mbili. Kisha akampa kaka yake, naye hakuonyesha kushangaa.

"Alisema hivyo hivyo pale kitandani," kaka alisema. "Yule mama mwenye miwani alimuuliza, na wewe ulifanya nini, akayasema yote. Ulikuwa umeshatoka."

"Ukakaa nalo siku tano?"

Kaka alihamisha kichwa cha Chiriku kutoka bega moja kwenda jingine. "Nilikuwa na hasira. Nilitaka na wewe uumie. Yeye wamemsimamisha zamu za dharura mpaka wamalize kumhoji. Nisamehe, mdogo wangu."

Fundi hakuwa na nafasi ya kukasirika. Alitoa simu, akapiga. Iliita mara moja tu.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Ghorofani. Napanga makabati."

"Shuka dirisha la dawa."

Alishuka ngazi mbilimbili. Kaka alimpokea kwa kichwa tu, akamchukua Chiriku kwenda kumtafutia maji, na wale wawili wakabaki kwenye foleni, mtu mbele, mtu nyuma, kipaza sauti kikiita namba.

"Kwa nini hukuniambia?" fundi alianza.

"Nilipiga mara kumi na moja."

"Ungeandika."

"Niliandika kwenye faili. Huko ndiko palikuwa mahali pake. Kukuandikia wewe ingekuwa kujitetea." Akapunguza sauti, kwa sababu bibi aliyekuwa mbele yao alikuwa ameacha kutafuta kitu kwenye mkoba wake ili asikilize. "Mama mwingine yeyote angeniomba wiki moja ningemkatalia. Ningemgombeza. Wewe ukaniita mpenzi, nikasahau nimesomea nini."

"Nilikuita makusudi."

Daktari akamgeukia.

"Nilijua ukilisikia utalegea," fundi alisema. Alihisi masikio yanawaka, lakini aliona afadhali litoke lote. "Mara ya pili nililipanga kabla sijapiga. Kwa hiyo usibebe lote peke yako. Mtoto amekosa jino kwa sababu yangu na yako."

"Kwa hiyo hukumaanisha?"

"Nilimaanisha. Ndiyo maana naona aibu. Ni kitu changu cha kweli nikakitumia kama hongo."

Namba ikaitwa, haikuwa yao. Foleni ikasogea, wakasogea nayo. Daktari aliweka mikono mfukoni, akaitoa, akairudisha.

"Mimi si daktari wa Chiriku tena," alisema. "Niliomba hivyo nikiwa na akili zangu. Siwezi kuwa vyote viwili, tumeona. Nimeacha kimoja ili niombe kile kingine vizuri. Nataka nikuoe."

Bibi wa mbele alikohoa.

"Unaniposa kwenye foleni ya dawa?"

"Kwenu ningefika kaka yako angenifungia mlango. Hapa hana mlango."

Ilikuwa siku tano tangu fundi acheke, na kicheko kilimtoka kikavu, kama koo limesahau njia. Lakini hakujibu. Alimwambia hawezi kujibu akiwa na mtoto ambaye bado anaziba mdomo. Alimwambia asubiri, na hakumwambia mpaka lini. Daktari hakuuliza.

Alisubiri wiki sita. Alipewa barua ya onyo, na miadi yake yote ikawa inakaguliwa na yule daktari mzee. Kila Jumapili mchana alikwenda kwa kina fundi, akamsalimia kaka kila mara alipomkuta hajasafiri. Jumapili ya kwanza aliyomkuta, alikaa kwenye kiti cha plastiki uani na hakupewa hata maji. Iliyofuata kaka alimpa maji. Nyingine wakazungumza juu ya breki za malori mpaka jua likashuka. Chiriku alikuwa amegundua kwamba kupitia pengo lake anaweza kupiga mluzi usiopigwa na mtoto yeyote mtaani, na alipoanza kuwafundisha wenzake, wenye meno yao yote, na wao wakashindwa, mkono wake ulisahau kwenda mdomoni.

Fundi aliliona hilo dirishani, Jumanne moja saa tano asubuhi. Alisimamisha mashine, akapiga simu. Nyuma ya sauti ya daktari kulikuwa na mtoto analia na mtu mzima anayeuliza maswali matatu kwa wakati mmoja.

"Fundi, niko dharura. Wamenirudisha leo. Kuna mtoto ameangukia ngazi, mdomo umechanika. Nitakupigia."

"Usikate."

"Mpenzi, kweli, siwezi. Mama yake amenishika koti."

"Jibu ni ndiyo," fundi alisema. "Sasa nenda kamtazame mtoto."

Hakusikia kitu isipokuwa kilio cha yule mtoto. Kisha akamsikia daktari akimwambia mama mwenye wasiwasi, kwa sauti iliyokuwa inajikaza isitetemeke, "Samahani, mama. Niko hapa. Nionyeshe." Simu ikakatika.